Mama Aliyeahidi Kunyamaza

Ombi lilitolewa asubuhi, mama mtu akiwa ameinamia pasi na hana pa kukimbilia. Binti alikaa ukingoni mwa kitanda amevaa sketi mpya ya shule, ameikamata kiunoni kwa mkono mmoja kwa sababu kifungo kilikuwa hakijashonwa bado, akasema haraka haraka kama mtu anayetaka kumaliza dawa chungu.

"Mama, leo kwenye kikao usiongee."

Mama alipitisha pasi kwenye ukosi wa shati, akaugeuza, akapitisha upande wa pili. "Nisiongee vipi? Nikisalimiwa nisiitikie?"

"Kuitikia itikia. Ila usichangie mada. Usiulize swali. Yaani mama, unajua."

Alijua, na ilimuuma kwamba alijua. Kazi yake ilikuwa kunadi mitumba. Hakuwa kama wale wanaokaa kwenye kigoda wakisubiri mteja apite na kuwapungia. Robota la nguo likishafunguliwa, yeye alipanda juu ya meza, akashika gauni kwa mabega yake mawili, akaanza kulisifu mpaka mwenye haraka zake anasimama kusikia mwisho wake. Aliyeinua mkono ndiye mwenye mali, mpaka ainue mwingine. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, gauni limeondoka. Zamani alinadi mizigo ya watu kwa ujira. Siku hizi mizigo ilikuwa yake mwenyewe, na wasichana wawili waliopanga nguo aliwalipa yeye. Sokoni walimwita Spika, maana sauti yake ilifika stendi bila kipaza sauti, na yeye jina hilo alilivaa kwa raha zake zote.

Tatizo ni kwamba sauti ile haikuwa na nguo za kubadilisha. Aliyokwenda nayo sokoni ndiyo aliyokwenda nayo msibani, hospitalini na shuleni. Shule ya msingi iliwahi kuita wazazi wazungumzie vyoo vilivyokuwa vimetitia. Wazazi wakawa wanaangalia viatu vyao, kila mmoja anamsubiri mwenzake ajitolee. Spika akavumilia kidogo, akashindwa, akapanda kwenye benchi. Nani ana mfuko wa saruji? Yule baba pale ameinua mkono, nani anaongeza mchanga? Saruji na mchanga mara ya kwanza. Kikao kilipovunjika palikuwa na saruji, mchanga, fundi na mlango wa bati. Vyoo vikajengwa. Aliyebomoka ni mtoto, kwa sababu tangu siku hiyo kila alipofungua mdomo darasani, wenzake walimhesabia kwa pamoja: mara ya kwanza, mara ya pili. Ikafika mahali akaacha kunyoosha mkono hata kwa swali alilolijua.

Na sasa alikuwa amefaulu kwenda sekondari ambako hakuna hata mmoja wa wale wahesabuji. Alikuwa anaanza upya, kama daftari jipya. Mama aliliona hilo.

"Leo ndiyo wanatangaza mikondo," binti alisema. "Nani sayansi, nani biashara, nani lugha. Nataka sayansi, mama. Sitaki litokee jambo lolote la kuniharibia."

"Na mimi ndiye jambo lenyewe."

Binti alikaza mkono kwenye kiuno cha sketi. Alikuwa msema kweli kiasi cha kushindwa kukanusha.

Kuhusu sayansi hapakuwa na ubishi nyumbani. Chini ya kitanda cha binti yule kulikuwa na makopo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa: majivu, magadi, chokaa, siki, sabuni iliyokwanguliwa. Alianza kwa kumwonea huruma mama yake. Nguo nzuri ikitoka robotani na doa hushuka bei papo hapo, na mtoto yule akiwa mdogo bado alijiwekea kazi ya kutafuta kila doa linakufa kwa kitu gani. Kutu aliitoa kwa ndimu na chumvi. Wino ulimsumbua sana, akashinda nao wiki kadhaa, mpaka akaupata. Baba mtu, dereva wa lori aliyeonekana nyumbani kwa nadra, alisema mtoto huyu siku moja atalipua nyumba, na alisema hivyo kwa majivuno.

"Haya," mama alisema, akachomoa pasi. "Sitasema neno."

"Ahadi?"

"Nimewahi kukuuzia kibovu mimi? Lete hiyo sketi niishonee kifungo."

Kikao kilifanyika katika bwalo la chakula, lililokuwa limepakwa rangi karibuni na bado linanuka. Madawati ya kulia chakula yalikuwa yamepangwa safu safu. Wanafunzi wapya walisimama ukutani, mikono nyuma, wamechomekea mashati mpaka wamekuwa wote sura moja. Spika alimtambua binti yake kwa kifungo, maana uzi aliopata ulikuwa mweusi na sketi ilikuwa ya buluu. Alikaa safu ya katikati, kati ya nesi mmoja aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi na fundi bomba aliyekuja na ovaroli lake la kazi, kwa maelezo kwamba kuna bomba amelifunga nusu na linamsubiri.

"Leo tutafaidi," nesi alimnong'oneza. "Maana wewe ukiwepo hapalaliwi."

Spika akatabasamu, akafunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena.

Mwalimu mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba shingoni, alifungua kikao kwa kanuni za shule. Nywele ziwe fupi. Simu zibaki nyumbani. Viatu viwe vyeusi visivyo na kisigino. Soksi ziwe nyeupe. Hapo baba mmoja akasimama kuuliza kuhusu soksi, kama nyeupe yenye mstari ni nyeupe, akajibiwa si nyeupe, akauliza kama mstari ni mmoja tu, akajibiwa bado si nyeupe, akaendelea na soksi mpaka mke wake akamvuta koti. Halafu likaja suala la sweta, na mahali pa kuinunua, na bei yake. Wazazi wakaguna. Spika alijua mahali pa kupata sweta ileile, rangi ileile, na kwa bei ambayo bwalo zima lingempigia makofi. Neno lilimpanda mpaka kooni. Akalimeza.

Kisha kipaza sauti kikafa. Kilikoroma mara moja, kikazimika, na mwalimu mkuu akabaki anachezesha midomo kama samaki. Wa nyuma wakaanza kulalamika. Nesi akampiga Spika kiwiko cha mbavu.

"Si umsaidie mwenzako? Wewe utamfikishia mpaka getini."

Spika akatikisa kichwa. Alitazama ukutani, akakuta binti yake anamtazama, na macho ya mtoto yalikuwa ya mtu aliyeona kibiriti karibu na petroli. Mama akafumba macho taratibu na kuyafumbua, kumwambia tulia. Kijana mmoja alipanda juu ya dawati, akachezea waya, sauti ikarudi. Spika alijisikia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani umbali mrefu bila kumwaga tone. Alijipongeza kimoyomoyo, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumpongeza.

Ndipo akapewa nafasi mwalimu wa taaluma. Alikuwa kijana mrefu, shati limepigwa pasi vizuri kuliko la mtu yeyote mle ndani, anayesema kwa upole na kwa haraka kama mtu ambaye ratiba yake imeshachapwa.

"Ndugu wazazi," alianza, "mkondo wa sayansi umejaa. Maabara yetu ni ya darasa moja, na walioomba ni karibu madarasa mawili. Tulikaa, tukafikiri. Mwaka huu mkondo wa biashara utakuwa na mafunzo kwa vitendo. Kila Ijumaa mchana mwanafunzi atakwenda kwenye duka au ofisi ya mzazi wake, ajifunze pale. Sasa mtoto ambaye mzazi wake ana duka au ofisi huyo tayari ana mwalimu nyumbani. Kwa hiyo kati ya walioomba sayansi, watoto wa wafanyabiashara tumewahamishia biashara. Siku ya kuripoti kila mtoto alisimama mbele ya wenzake akasema wazazi wake wanafanya kazi gani. Tumefuata majibu yao wenyewe. Nitawataja."

Spika akalegeza mabega. Alikuwa amekuja na wasiwasi wa sayansi kujaa, na sasa kumbe wenye shida ni wenye maduka. Aliwahurumia kidogo, huruma ya mtu ambaye moto umeruka nyumba yake. Yeye hakuwahi kujiita mfanyabiashara hata siku moja. Akiulizwa kazi yake alisema nanadi mitumba, na kama aliyeuliza ni mgeni, alimwonyesha na mikono.

Akatajwa mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Akatajwa mtoto wa mwenye famasi. Akatajwa mwingine ambaye baba yake alikuwa na ofisi ya kupiga chapa. Kisha likatajwa jina la binti yake.

"Mama mfanyabiashara," mwalimu akasema, akapita kwa anayefuata.

Spika alidhani wamekosea. Alikuwa tayari kabisa kudhani hivyo. Lakini alipogeuka ukutani, binti alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ncha za viatu vyake vipya, na masikio yake yalikuwa yamemwiva. Mama akaelewa kila kitu bila kuambiwa. Siku ile ya kuripoti mtoto amesimama mbele ya watu wageni kwake, ameulizwa mama yako anafanya nini, akaiona ile meza, akamwona mama yake juu yake na gauni mkononi, akasikia wale wahesabuji. Akatafuta neno jingine.

Neno lenyewe halikuwa tusi. Hata hivyo lilimchoma Spika mahali ambapo hakujua kwamba panachomeka. Alikuwa amenyamaza kikao kizima asimuaibishe mtoto, na kumbe mtoto alishamficha kabla hajafika.

Hakupata nafasi ya kukaa na uchungu huo, kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza.

"Kama kuna mzazi mwenye pingamizi, aseme sasa. Kesho ratiba inaanza kutumika na hakutakuwa na kuhama." Akatazama kushoto. "Hakuna?"

Bwalo likawa kimya. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anasoma simu yake. Mwenye famasi alionekana kufurahi, pengine alikuwa anahitaji mtu wa kumsaidia Ijumaa.

Akatazama kulia. "Hakuna pingamizi?"

Katika bwalo lile hapakuwa na mtu aliyeujua ukimya wa namna hiyo kuliko Spika. Aliishi nao. Aliwaona kila siku watu wanaotaka kitu, wanakitazama kwa macho yote, mikono mfukoni, wanangoja sijui nini, mpaka kinaondoka na mtu mwingine. Kisha wanamfuata pembeni kumwambia mimi nilikuwa nakitaka. Naye huwajibu kwamba ulikuwa wapi nilipouliza. Kwa hesabu zake mwalimu alikuwa ameshauliza mara ya pili.

Aliahidi kutosema. Kuhusu mkono hawakupatana kitu. Akaunyanyua.

"Ndiyo, mama," mwalimu alisema. "Karibu."

Spika hakusema kitu. Aliuacha mkono juu, umenyooka, kiganja wazi, kama wanavyofanya wateja wake wanaotaka mali kweli na si wale wa kujikuna kichwa.

"Mama mwenye kilemba cha zambarau. Karibu, tunakusikiliza."

Watu wakageuza shingo. Fundi bomba akamwinamia. "Mama, umepewa nafasi." Nesi, aliyemjua kwa sauti kuliko kwa sura, alimtazama kwa jicho la kikazi na kumnong'oneza, "Koo?" Spika akatikisa kichwa. Akasimama, mkono ungali juu.

"Una pingamizi?" mwalimu akauliza, pole pole sasa, kwa sauti ambayo watu huwasemesha wagonjwa.

Akaitikia kwa kichwa.

"Wewe ni mzazi wa nani?"

Akanyoosha mkono wa pili kuelekea ukutani. Macho yote yakafuata mkono na kumkuta binti, ambaye angetoboa ukuta ule apite kama angejua namna.

"Sawa," mwalimu alisema. Alikuwa amekumbuka, na uso ukamfunguka. "Mama mfanyabiashara. Labda hofu yako ni hizi Ijumaa? Biashara yako ni ya nini, mama? Duka liko wapi?"

Hapo ndipo Spika alipobanwa hasa. Neno moja lingetosha. Mitumba. Angelisema, kila mtu angejua kwamba hana duka wala ofisi, na mtoto angekuwa hana pa kwenda Ijumaa. Lakini palepale wanafunzi wote waliosimama ukutani wangejua kwamba mwenzao amedanganya kuhusu mama yake mzazi, na wangejua kwa nini. Daftari jipya lingechafuka ukurasa wa kwanza, na wino huo hauna dawa chini ya kitanda. Akinyamaza, mtoto anakwenda kusoma kitu asichokitaka kwa miaka yote ya sekondari, kwa ajili ya duka lisilokuwepo.

Alisimama vile, mkono juu, akamtazama binti yake. Hakumlaumu wala kumwomba kitu. Alimsubiri tu, kama anavyomsubiri mteja anayesita, na moyoni alikuwa ameshaamua kwamba yeye hatakuwa wa kwanza kulitaja. Mkono ukaanza kumuuma begani. Mwalimu akatazama saa yake.

"Basi, kama mama hana la kusema, tu—"

"Hana duka."

Sauti ilitoka ukutani. Ilikuwa ndogo, na binti alilazimika kurudia.

"Mama yangu hana duka. Ananadi mitumba sokoni. Mimi ndiye niliyesema mfanyabiashara, kwa sababu nilikuwa naona aibu." Akamgeukia mwalimu. "Na mimi ndiye niliyemkataza asiongee leo. Si bubu. Anaongea sana."

Nyuma huko mtu alicheka. Wengine wakafuata, si kwa ubaya, kicheko cha watu waliokaa muda mrefu kwenye dawati gumu. Nesi hakucheka. Binti sasa alikuwa ameinua uso, na hakumtazama mwalimu tena. Alimtazama mama yake.

"Ana ofisi?" mwalimu aliuliza.

"Hana. Ana meza."

"Meza ya kuuzia."

"Ya kusimama. Anasimama juu yake."

Kicheko kilirudi kikubwa zaidi. Mwalimu mkuu akavua miwani, akaiacha ining'inie kwenye kamba. "Mwalimu, tuwe wakweli," alisema. "Mtoto atajifunza nini Ijumaa akiwa juu ya meza?"

"Ni kweli," mwalimu wa taaluma akakubali. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayependa kila kitu kikae kwenye kisanduku chake, na sasa alikuwa amekipata kisanduku. "Basi ni makosa madogo ya maelezo. Huyu mama si mfanyabiashara. Anajishikiza tu na vitu vidogo vidogo, tunawaheshimu sana akina mama hawa. Lakini kwa mafunzo yetu hafai. Binti arudi sayansi. Mama, umeridhika?"

Mkono wa Spika ulikuwa bado juu.

Alikuwa na la kusema, na lilikuwa zuri. Angeweza kumwambia kijana yule kwamba robota analinunua limefungwa, hajui ndani kuna nini, na mpaka jioni lazima limrudishie pesa yake na ya juu yake, na kwamba hiyo ni biashara ambayo mwenye duka la misumari hajawahi kuionja. Angeweza kumwambia anajua mteja atafika bei gani kwa kumtazama vidole vyake. Ahadi ilikuwa imeshavunjwa na aliyeiomba. Hakuna aliyemfunga mdomo tena. Aliumia kuliko alivyoumia kwa lile neno la mtoto, kwa sababu lile lilimficha, na hili lilimfuta.

Lakini kama angewashawishi kwamba yeye ni mfanyabiashara, wangemwamini. Alijua hivyo kwa hakika, maana kuwashawishi watu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na wakimwamini, Ijumaa mtoto angekuwa juu ya meza.

Mali ilikuwa imeshapata bei. Akaitikia kwa kichwa, akashusha mkono, akakaa. Fundi bomba alimpisha nafasi zaidi kidogo kuliko aliyokuwa anaihitaji. Nesi akamshika goti, akaliacha. Mwalimu akaendelea na habari za mitihani ya majaribio, na Spika akasikiliza mpaka mwisho, ingawa baadaye hakukumbuka hata sentensi moja.

Kikao kilipovunjika, wazazi walimiminika nje na kuanza kuulizana bei za sweta. Wanafunzi walipewa dakika chache za kuaga. Binti alimkuta mama yake kwenye kona ya bwalo, karibu na mabomba ya kunawia, anafunga upya kilemba.

Walisimama wakawa kama watu wawili waliogongana njiani, kila mmoja anangoja mwenzake apite.

"Nisamehe, mama," binti alisema.

"Kwa lipi?"

"Kwa ile siku ya kuripoti."

Mama aliingiza ncha ya kitambaa ndani ya kilemba, akaibonyeza ikae. Hakuharakisha kusema hapana kitu, kwa sababu kitu kilikuwepo. "Umepata sayansi," alisema. "Hilo ndilo tulilolifuata."

"Lakini mbona hukumjibu?"

"Nani?"

"Mwalimu. Amesema wewe si mfanyabiashara. Watu wote wamesikia. Mimi nilikuwa nimeshasema ukweli, hapakuwa na cha kuficha tena. Nilikuwa nakungoja umjibu." Sauti yake ilipanda bila yeye kujua, ikapanda vizuri, na wasichana wawili waliokuwa wakinawa mikono wakageuka. Hakuwajali. "Una mizigo yako. Unalipa watu. Hakuna anayekushinda sokoni pale. Nilitaka wasikie."

Hapo Spika alijisikia kulia, akashangaa, kwa kuwa hakulia ndani wakati wanamcheka. Akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi, akaifuta kwenye kitenge.

"Ningemjibu," alisema, "ungekuwa wapi Ijumaa?"

Binti alikuwa mwepesi wa hesabu, haikumchukua muda. Mama aliona uso wake unavyobadilika, kipande kwa kipande, mtoto anavyofikia mwisho wa jambo na kukuta mama yake alishapita hapo kabla yake akiwa amekaa kimya kwenye dawati.

"Siku ile ya kuripoti ulisema kweli," mama alimwambia. Hakumkaripia. Alisema kama anavyowatajia wateja hali ya nguo, hapa pazima, hapa pana doa, ili anayenunua ajue anachonunua. "Ulisema kwa sababu mbaya, lakini ulisema kweli. Leo ndiyo umenishusha bei. Na mimi nimekubali kuuzwa."

Binti alianza kulia, kwa sauti ya chini, mikono imening'inia, bila kujifunika uso. Wale wasichana wawili walisogea kando kwa adabu. Mama alimvuta karibu, akamweka sawa ukosi wa shati uliokuwa umepinda nyuma, akambonyeza kifungo cha sketi kuona kama kimeshika.

"Nenda darasani," alisema. "Maabara yenyewe ni ya darasa moja."

Binti akaenda. Mama alisubiri mpaka alipoona mgongo wake umeingia mlangoni, kisha akachukua mkoba wake na kutoka getini, kwa kuwa kulikuwa na marobota mawili yanamngoja mezani na asubuhi ilikuwa imeshakwisha.